CHOMBO HUTENGENEZWA NCHI KAVU

Chidya hakuna bahari. Mtu akisimama katika kijiji hicho, kwenye nchi ya juu iliyo kati ya Masasi na Newala, huona mikorosho, mashamba ya mihogo na njia za mchanga zinazoteremka bondeni. Maji yenyewe ya kunywa yamekuwa taabu ya miaka mingi katika uwanda wa Wamakonde, na akina mama wa huko wanaujua uzito wa ndoo iliyopandishwa mlima kabla jua halijachomoza. Vijana wa pwani waliopelekwa kusoma katika Shule ya Sekondari ya Chidya walikaa huko mihula mizima bila ya kusikia harufu ya chumvi. Hata hivyo ni huko huko Chidya tulikokuta mazungumzo ya chombo cha tanga, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Tulikuwa huko kwa kazi za Chama, mwishoni mwa mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na njia zimeanza kukauka. Barazani pa duka moja alikuwa ameketi mzee mwenye kofia ya mkono, amevaa msuli, na mapajani ameweka kipande cha ubao mwembamba uliochongwa mfano wa upinde. Hakuwa mwenyeji. Alikuwa fundi wa vyombo kutoka kisiwa kimoja cha pwani yetu ya kusini, na ule ubao ulikuwa kigezo cha taruma, yaani ubavu wa chombo. Alikuwa amekuja kutafuta mbao mbili za mkongo na vipande sita vya mti uliopinda wenyewe. Hiyo ilikuwa siku yake ya tisa tangu afike.

Kijana mmoja wa pale alimtania, "Babu, huku juu utasafiri kwenye umande?" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, kisha akasema, "Mjukuu wangu, Nabii Nuhu naye alichekwa. Safina yake ilianza pakavu, na waliocheka ndio waliotafuta pa kushika."

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule za Serikali tulikisoma kisa hicho tungali wadogo. Lakini hatukuwahi kukifikiria kwa namna ile, kwamba ni kisa cha matengenezo. Chombo hakiokoi watu siku ya tufani. Kimekwisha kuwaokoa, au kimekwisha kuwaangamiza, siku zile kilipokuwa kimeegemezwa nchi kavu na fundi akikipitia ubao kwa ubao. Hilo ndilo neno tunalotaka kuliweka mbele ya ndugu zetu wa visiwani, na mbele ya watumishi wa Serikali ambao saini zao huamua ubao upite au usipite.

KALENDA YA BAHARI

Kwa ajili ya wasomaji wa bara, ni vyema tuanze na majira. Mwaka wa baharia wa pwani yetu hugawanywa na pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Halafu huja siku za tanga mbili, ambapo upepo haujui uelekeo wake, na mara masika huingia na kusi nayo huanza. Kusi hupata nguvu zake zote mwezi wa Juni na wa Julai, wakati wa kipupwe, bahari ikichafuka na mawimbi yakipiga miamba ya nje mchana na usiku. Baadaye kusi hupungua ukali, na kuanzia mwishoni mwa Agosti huingia demani, majira ya upepo wa wastani na maji matulivu. Demani ndiyo mavuno ya mvuvi, na ndiyo njia ya msafiri wa chombo kidogo.

Kwa hiyo tangu masika hadi katikati ya kusi, vyombo vidogo vingi hupandishwa pwani. Wageni hudhani kwamba hiyo ni likizo. Wazee wetu walioweka desturi hiyo walikuwa na sababu, na historia imewatetea. Kimbunga kikubwa kilichoipiga Unguja na kuvunja merikebu za Sultani kilikuja Aprili 1872. Kimbunga kilichoiharibu Lindi kilikuja Aprili 1952. Aprili 2019 wananchi wa Mtwara walihamishwa kutoka ufukweni kwa kuhofia kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliwaangukia jirani zetu wa kaskazini mwa Msumbiji. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia. Vyote vinne vilikuja katika zile wiki ambazo, kwa desturi ya wazee, chombo kidogo hutakiwa kiwe juu ya magadi na nahodha wake awe nyumbani.

Wazee hao hao walikuwa na hesabu ya mwaka wa jua, iliyoanza siku ya Mwaka na kuhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Mkulima aliitumia kujua lini apande, na baharia aliitumia kujua lini apandishe chombo na lini akishushe. Huko Makunduchi, Unguja, sherehe za Mwaka Kogwa bado hufanywa kila mwezi wa Julai. Wengi huenda kutazama ngoma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sherehe ile inatokana na kalenda ya kazi.

KAZI YENYEWE

Tulimwomba mzee atueleze kazi anayoifanya, naye alieleza kwa utaratibu wa mtu aliyeifanya tangu utotoni. Tunaifuata hapa kama alivyoipanga.

Kwanza husubiriwa bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine. Chombo huletwa juu kabisa ya ufuko wakati maji yamejaa, na maji yakitoka hubaki mchangani. Husimamishwa kwa magadi pande zote mbili, mkuku ukiwa umelazwa juu ya magogo ili hewa ipite chini yake. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Kijiji huitwa, kamba hushikwa, na mwenye chombo hupika. Anayekataa kushika kamba ya mwenzake mwaka huu, mwakani atashika ya kwake peke yake.

Pili hutolewa kila kilichomo. Mlingoti hung'olewa, foromali na tanga hupelekwa kivulini, mawe ya farumi hupakuliwa, na ngama huoshwa kwa maji matamu mpaka harufu iishe. Mzee alisema kwamba uchafu wa ngama huficha zaidi ya nusu ya maradhi ya chombo. Ubao hauozi pale panapoonekana. Huoza chini ya farumi, mahali ambapo maji ya mvua yametuama na hewa haifiki.

Tatu huja moto. Makuti makavu huwashwa na kupitishwa chini ya chombo, taratibu, ili viumbe vya bahari vilivyoganda vikauke na wadudu wanaotoboa mbao wafe ndani ya matundu yao. Moto ukizidi, ubao hupasuka. Ukipungua, mdudu hubaki hai, na mdudu mmoja hula kutoka ndani huku nje ubao ukiwa mzuri wa kutazama. Baada ya moto hukwanguliwa, na hapo ndipo ubao huonekana ulivyo.

Nne ni kupima, na hapa mzee aliinua kidole. Fundi huenda na nyundo ndogo, akigonga kila shubiri na kusikiliza. Ubao mzima hulia. Ubao uliooza hunyamaza. Pale panapotiliwa shaka huchomekwa ncha ya kisu, na ikiingia bila ya kusukumwa, ubao huo umekwisha kazi yake. Misumari nayo hutazamwa. Penye doa jeusi lililoenea, chuma kimelika na ubao unashikwa na rangi tu. Kichwani mwake fundi huwa na orodha: mbao kadhaa za kutoa, mataruma kadhaa ya kubadili, misumari kadhaa ya kung'oa.

Tano ni kuziba. Kalafati ya zamani huondolewa katika maungio yote yanayotiliwa shaka. Pamba husokotwa kama utambi, hulowekwa katika mafuta ya nazi au sifa ya papa, kisha hupigiliwa kwa chembeu, pigo baada ya pigo, mpaka ijae na isiweze kuingia zaidi. Hata msumari mpya huzungushiwa pamba yenye mafuta shingoni kabla haujapigwa. Baada ya hapo tumbo la chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kwa kiganja cha mkono. Juu ya mstari wa maji hupakwa sifa. Harufu yake haipendezi, lakini mbao huipenda.

Sita ni zana. Tanga hutandazwa mchangani na kukaguliwa mshono kwa mshono, pamoja na dasi iliyoshonwa ukingoni mwake. Jarari, kamba inayopandisha foromali, hubadilishwa ikiwa imeanza kutoa nyuzi, kwa sababu ikikatika baharini foromali huwaangukia watu. Vyuma vya usukani hutiwa mafuta. Nanga na kamba yake hutazamwa. Na upo wa kufulia maji hurudishwa mahali pake, kwani chombo kisichokuwa na upo ni sawa na nyumba isiyokuwa na mlango.

Mwisho, bamvua ya kufaa ikirudi, chombo hushushwa. Hakisafiri siku hiyo. Hufungwa kwenye maji madogo, na siku ya kwanza huvuja, kwa sababu mbao zilizokaa juani zimesinyaa. Huachwa zinywe maji zivimbe, maungio yafunge. Mwenye haraka huiona siku hiyo ya kungoja kuwa hasara. Mwenye akili huiona kuwa ndiyo siku ya mtihani, kwani maji yanayoendelea kuingia baada ya mbao kuvimba yanaonyesha mahali ambapo fundi hakufika.

MTI WA BARA NA CHOMBO CHA KISIWANI

Tulimwuliza kwa nini kazi ya pwani imemleta mpaka Chidya. Alijibu kwa kutuonyesha kile kigezo chake. Taruma haichongwi kutoka katika ubao ulionyooka, kwa maana ukikata upinde kwa msumeno unaukata na uzi wa mti, na siku ya mawimbi taruma huvunjika pale pale. Hutafutwa tawi au shina lililopinda lenyewe, fundi akaenda msituni na kigezo mkononi, akalinganisha. Mbao za tumbo nazo hutaka mti mgumu unaovumilia maji ya chumvi. Mkongo, ambao ndugu zetu wa Unguja huuita mbambakofi, ni mmoja wa miti hiyo. Kisiwani kwao kuna minazi, kuna miembe ambayo shina lake huchongwa ngalawa, na kuna mikoko inayolindwa kwa sababu ni malezi ya samaki. Mkongo wa kutosha hakuna. Uko bara, katika misitu ya kusini.

Si mara ya kwanza kwa nchi hii ya juu na visiwa kukutana. Kuna sura ya kukutana huko ambayo ni chungu, nayo haifai kufichwa. Watu wa bara la kusini waliteremshwa kwa minyororo hadi bandari za pwani na kupakiwa katika vyombo, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mwaka 1873 kupiga marufuku biashara ya utumwa ya baharini. Miaka 3 baadaye, mwaka 1876, msafara ulioongozwa na Askofu Edward Steere ulitoka Unguja kwa bahari hadi Lindi, ukapanda hadi Masasi na watu waliokuwa wameachwa huru, wakaanzisha makazi huko. Kwa hiyo chombo cha tanga kilichukua watu kutoka huku, na chombo kikasaidia kuwarudisha baadhi yao. Leo kinachosafiri kati ya uwanda na kisiwa ni ubao, mhogo, korosho na samaki mkavu. Huo ni uhusiano wa heri, nao unastahili kutunzwa.

Lakini mti wenyewe umekuwa adimu. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, wananchi wa kusini walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu miaka mingi masika iliwakata na nchi nzima. Daraja hilo hilo liliyapa njia malori ya magogo. Mkongo na mninga uliochukua miongo kukua ukaondoka kwa miezi. Serikali ilifanya jambo la lazima ilipokaza masharti: leseni ya kuvuna, alama ya nyundo kwenye gogo, hati ya kusafirishia, vituo vya ukaguzi barabarani na katazo la kusafirisha mazao ya misitu usiku. Hatumwungi mkono hata kidogo mtu anayetaka masharti hayo yalegezwe. Msitu ukiisha, chombo nacho kimekwisha.

Shida tuliyoiona Chidya ni nyingine. Masharti yaliyotungwa kumzuia mwenye lori la magogo 40 humkamata kwa nguvu ile ile fundi anayetaka mbao 2. Mwenye lori ana karani, ana simu, ana fedha za kukaa mjini mwezi mzima. Fundi ana kigezo na nauli ya kurudi.

KALENDA MBILI

Mzee alikuwa ameandikiwa barua na uongozi wa kijiji chake. Barua hiyo aliipeleka katika ofisi moja, akaelekezwa ofisi nyingine, na huko akaambiwa kwa heshima zote kwamba asubiri mwaka mpya wa fedha, kamati ikae, ndipo ombi lake litazamwe. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemdai kitu. Kila mtumishi alifuata utaratibu alioukuta mezani. Lakini tufanye hesabu pamoja. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kamati ikikaa mwezi huo, mti ukakatwa, ukapasuliwa, ukapata hati na kuteremka pwani, itakuwa Agosti. Ubao mbichi hautakiwi kutiwa katika tumbo la chombo ukiwa bado unatoa maji yake, maana ukikauka husinyaa na kuifungua kalafati. Ukiachwa ukauke inavyopasa, demani imepita na Kaskazi inabisha hodi.

Mwenye chombo hufanya nini basi? Hili ndilo swali ambalo faili halikuulizwa. Ana watoto, ana deni la nyavu, anaona wenzake wanarudi na samaki. Mzee alitueleza kilichotokea mwaka uliotangulia kwa chombo cha mpwa wake. Ubao mmoja wa chini ulikuwa umenyamaza chini ya nyundo. Mwingine wa kuuweka mahali pake haukupatikana. Wakapigilia kipande cha bati kwa ndani, wakamimina lami, wakapaka rangi ya buluu nje. Wiki ya pili ya demani, nje ya mwamba, bati lilifunguka. Walikuwa vijana wanne. Watatu walifika ufukweni wakiwa wameshika foromali. Mzee hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza. Ndipo tulipofahamu kwa nini mtu wa umri wake alikuwa amekaa siku tisa barazani mwa watu wasiokuwa ndugu zake, na ubao uliopinda juu ya mapaja.

Watumishi wa Masasi na Newala wanalijua jambo hili vizuri kuliko wengi, isipokuwa hawajalitazama upande wa bahari. Hakuna afisa wa kilimo wa huko asiyejua maana ya salfa. Mkorosho huanza kushambuliwa na ubwiriunga majira ya maua, na salfa isipokuwa mikononi mwa mkulima kabla ya hapo, ikija baadaye huwa ni unga tu wa kuhifadhi ghalani. Kwa sababu hiyo kila mwaka vikao hukaa, malori huhesabiwa, na viongozi huulizwa salfa imefika wapi. Mwaka 1972 TANU ilipotangaza kwamba Siasa ni Kilimo, maana yake mojawapo ilikuwa hiyo, kwamba kiongozi aijue kalenda ya jembe. Mvuvi naye ni mkulima wa maji, na ubao wa mkongo ndio salfa yake. Ukija baada ya majira, haukuja.

Na sisi wa visiwani tusijifanye kwamba makosa yote yako ofisini. Wapo miongoni mwetu wanaoacha chombo majini masika nzima, wakisema wanakilinda kwa macho. Wapo wanaopandisha chombo Machi na kukikumbuka Agosti. Wapo wanaopaka rangi mpya juu ya ubao uliooza ili wapate mnunuzi, na huo ni uuaji unaochelewa. Wapo wanaosikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, wakasema upepo wa babu zao haukutangazwa. Kweli haukutangazwa, lakini babu zao walikuwa wamepandisha vyombo. Chombo cha kuzama hakina usukani, wasema wahenga. Lakini ni vyombo vingapi vilivyozama ambavyo usukani ulikuwapo, na kilichokosekana ni konzi ya pamba?

Nchi yetu imepata misiba mikubwa ya majini. Tulizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander Septemba 2011, wa Skagit Julai 2012, wa MV Nyerere Septemba 2018. Baada ya misiba hiyo tume ziliundwa na ripoti ziliandikwa. Chombo kidogo cha watu wanne hakiundiwi tume. Hutangazwa msikitini, watu husomewa hitima, na jina hufutwa katika daftari la kodi. Kwa hiyo chombo kidogo kinahitaji ukaguzi wa mwanzo kuliko hata meli, kwa sababu hakina ukaguzi wa mwisho.

TUNAYOSHAURI

Hatukuandika haya ili kulalamika tu. Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila ya kungoja fedha za kigeni wala sheria mpya.

Kwanza, halmashauri za pwani na visiwani zikusanye mahitaji ya mbao za vyombo mapema, mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati vyombo viko kazini na kila nahodha anajua palipoanza kuvuja. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipo ufukweni, vinawajua wenye vyombo kwa majina. Orodha yao ipelekwe wilaya zenye misitu, ili miti ikatwe katika msimu huo wa uvunaji, ipasuliwe na kukaushwa kivulini miezi yote ya mvua. Chombo kikipandishwa masika, ubao uwe unakisubiri.

Pili, vijiji vya nchi ya juu viuone msitu wao kuwa soko la kudumu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuuvuna kwa mpango. Wilayani Kilwa baadhi ya vijiji, kikiwamo Kikole, viliitunza misitu yao hata mwaka 2009 ikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji mzuri. Kijiji chenye mpango kinaweza kumwuzia fundi tawi lililopinda, ambalo mwenye lori hulitupa au kulichoma mkaa. Kwa mwenye lori mti uliopinda ni kasoro. Kwa fundi wa vyombo ndio wenye thamani. Hapo kijiji kitapata fedha na mti mrefu utaachwa ukue.

Tatu, tuyatazame maganda ya korosho. Katika pwani za India wavuvi wamekuwa wakiyatumia mafuta ya maganda hayo kuhifadhi mbao za vyombo na nyavu dhidi ya wadudu na kuoza. Ni mafuta makali yanayounguza ngozi, nayo yanataka mkono wenye ujuzi. Sisi tumekuwa tukiuza nje sehemu kubwa ya korosho zetu zikiwa ghafi, na ganda huondoka pamoja na kiini. Penye viwanda vya kubangua, ganda lisihesabiwe kuwa taka. Wataalamu wetu walijaribu pamoja na mafundi wa Jibondo, wa Nungwi na wa Kilwa, ambao mikono yao imezoea chombo, tujue lafaa kwa kiasi gani.

Nne, ukaguzi wa vyombo vidogo ufanywe ufukweni, wakati chombo kiko juu ya magadi na tumbo lake li wazi. Mkaguzi anayekuja chombo kikiwa majini huona rangi na namba. Anayekuja Juni na nyundo mkononi huona ukweli, na ushauri wake bado una faida, kwa sababu muda wa kutengeneza upo.

Tano, wenye vyombo wawape vijana nafasi ya kujifunza. Mafundi wanazeeka. Kijana anayeshika chembeu mwaka huu ndiye atakayesikiliza ubao mwaka ujao. Kusikiliza huko hakujifunzwi kwa kuambiwa. Hujifunzwa kwa kugonga mbao nyingi, nzima na mbovu, mpaka sikio lizoee.

Tulipoondoka Chidya, asubuhi ya siku ya kumi na moja ya mzee, alikuwa amepata nusu ya haja yake. Mwenyeji mmoja alikuwa na mkongo ulioanguka kwa upepo pembeni mwa shamba lake, na afisa mmoja kijana, aliyesikia habari ya vijana wanne, alitoka ofisini kwa miguu kwenda kuutazama, akaupima, akaandika alichotakiwa kuandika, akagonga alama. Ulitoa ubao mmoja mzuri na mataruma matatu. Alifanya hayo yote ndani ya taratibu zilizopo. Alichoongeza ni kutoka kitini.

Mzee alipanga vipande vyake juu ya gari lililokuwa likiteremka mchana, akaketi juu yake na kigezo chake mkononi. Yule kijana aliyemtania siku ya kwanza ndiye aliyemsaidia kupandisha. Alimwuliza, "Babu, na ule ubao wa pili?" Mzee akajibu, "Nitaurudia, mjukuu wangu. Chombo hakitashuka bila ya huo."

Ndugu zetu wa visiwani, kusi inapovuma na vyombo viko juu, chukueni nyundo mkagonge. Nanyi watumishi wa Serikali, fungueni faili la mzee huyo na la wenzake kabla demani haijaingia.